Lamu bara kwa anayetaka shamba la kujitegemea: maoni yangu baada ya miaka minne

Naanza na Novemba 2023 manake bila hiyo wiki ningeandika kitu tofauti kabisa, ningewaambia njooni tu, udongo mzuri, bei nafuu, bahari karibu. Mvua za El Nino zilikuja, mto Tana ukafura ukamwagika, na barabara ya kutoka Garsen kuja Witu ikakatika pale Lango la Simba. Mabasi yakarudi yalikotoka. Malori ya unga na viazi na petroli yakakwama ng'ambo ya maji, na sisi huku Hindi, mji mdogo wa Lamu bara, yaani nje ya visiwa, ndio tukaelewa kwamba kaunti nzima inapumua kwa barabara moja. Siku ya nne nyanya hazipo dukani. Siku ya sita petroli inauzwa kwa chupa za soda na anayeuza anachagua wa kumuuzia. Gesi ndio usiulize.

Kwa hivo mimi napima shamba lolote la Lamu kwa swali moja. Barabara ikikatika wiki mbili au tatu, nyumba yako inakunywa nini, inakula nini, na mgonjwa wako anatoka vipi? Bei kwa eka, rutuba, upepo wa bahari, hayo yote yanakuja baadaye.

Nieleze kidogo ndio mjue naongea kutoka wapi. Sisi ni watu wa Malindi, tulikuwa tukikaa Maweni, mume wangu ni fundi wa kuchomelea na kazi zake nyingi zilikuwa za mahoteli. 2020 korona ikaja, hoteli zikafungwa, na kwa miezi kadhaa nyumba yetu ilikuwa inaishi kwa kukopa unga kwa mwenye duka ambaye nae alikuwa anadaiwa. Hapo ndio tukasema tutafute mahali ambapo hata kazi ikifa watoto watakula. Tukanunua eka tatu upande wa Hindi, tukahamia 2021, sisi wawili na watoto watatu na mama mkwe, jumla watu sita. Ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Malindi, si mbali sana kwa basi siku njia ikiwa nzuri, ila ni mbali mno siku ikiwa mbaya.

MAJI. Hapa ntakaa sana mnisamehe, manake hapa ndio watu wanapoteza hela zao. Mtu anakuja mwezi wa sita, anaona kijani kila mahali, anaona kisima kimejaa, analipa. Januari anaanza kununua maji kwa mitungi. Hii pwani ya Lamu inapata mvua karibu milimita 900 kwa mwaka, si kidogo, lakini inakuja kwa mkupuo, masika inaanza Aprili na Mei ndio kilele, halafu vuli mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, na vuli yenyewe huwezi kuitegemea. Januari mpaka Machi ni kaskazi na jua. Na tusisahau ule ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022, misimu mitano mfululizo mvua ilikosekana. Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni limewahi kupungua mpaka viboko wakafia kwenye matope, na hilo ndilo ziwa watu wanalokuonyesha wakikuuzia shamba, wanakwambia ona maji yale pale.

Tulipofika tulikuta kisima cha zamani, kimejengwa kwa mawe ya matumbawe mpaka juu, futi ishirini na kitu. Mume wangu akataka kuweka pampu ya sola siku hiyo hiyo. Mzee mmoja jirani, mtu wa Amu mwenyewe ambaye watoto wangu wanamuita babu na mimi namuita ami, akaja akainama akateka kidumu kimoja kwa kamba, akaonja, akatema, akaniambia, "Mwanangu, mai matamu yako yuu, tini ni munyu. Usiyateke kwa pupa." Sikuelewa mpaka alipotuonyesha. Alitupa kidumu kikashika maji ya juu tu tukaonja, matamu. Halafu akakifunga jiwe kikazama mpaka chini, akakivuta, tukaonja tena, na ulimi ukajua. Maji ya mvua yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi, ni kama mafuta juu ya mchuzi, ukivuta kwa nguvu na haraka ile chumvi inapanda na ikishapanda inachukua muda mrefu kushuka, pengine mpaka msimu mzima. Ni mambo hayo hayo ya vilima vya mchanga vya Shela ambavyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji wa Lamu, ndio maana watu wanapiga kelele kila mtu akitaka kujenga juu yake.

Basi pampu tuliweka lakini ndogo, inavuta kidogo asubuhi, inapumzika, inavuta kidogo jioni. Kisima kiko mita arobaini na choo na hiyo nilisimamia mwenyewe, chini ya mita 30 msikubali hata fundi akikuambia nini.

Lakini maji yetu ya kunywa ni ya mvua. Na hili halikuanza na sisi, watu wa kisiwa cha Pate kule Faza na Kizingitini wanaishi kwa majabia tangu zama, lile sakafu kubwa la kukinga mvua na birika lake. Hesabu yenyewe ni rahisi, milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati letu ni mita 10 kwa 8, yaani mita za mraba 80. Mvua ya milimita 900 hapo ni lita 72,000, toa sehemu ya tano inayomwagika na kukauka, unabaki na zaidi ya lita 57,000 kwa mwaka. Tatizo si mvua, tatizo ni pa kuiweka. Tuna matangi mawili ya lita 5,000. Kwa lita 15 kwa kila mtu kwa siku, kunywa na kupika na kujisafisha kidogo, watu sita ni lita 90, kwa hivo lita 10,000 zinatupeleka siku 110 hivi. Kaskazi yote tunavuka, nguo na ng'ombe ni maji ya kisima. Tangi la kwanza lilipasuka mwaka wa kwanza, duka tulilonunua wakatuambia tumelikalisha vibaya, na kweli chini kulikuwa na kijiwe lakini wakati wa kuuza hakuna aliyetuambia tumwage sakafu ya zege kwanza. Sasa nakwambia wewe, mwaga zege.

Halafu kuna jambo la mbu, na hili nalisema kwa uchungu manake shangazi yangu alikuwa Lamu 2004. Ule ugonjwa wa chikungunya ulipopiga Lamu mwaka huo karibu robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa, viungo vinauma mtu hawezi kusimama kuswali, na waliouchunguza baadae wakauhusisha na ukame, kwamba watu walikuwa wameweka maji majumbani kwa mitungi na matangi yakakaa muda mrefu bila kubadilishwa na mbu wakazaliana humo humo. Yaani kile kile unachofanya kujiandaa ndio kinaweza kukulaza kitandani. Kila tangi liwe na wavu kwenye mdomo na kwenye paipu ya kufurikia, kila pipa liwe na mfuniko unaobana, na mifereji ya bati uipitishe mkono isibaki na maji. Maji ya kwanza ya msimu yamwage usiyaingize, yanaosha mavi ya ndege. Ya watoto chemsha.

Nikitoa nyota, maji ya Lamu bara nayapa tatu kati ya tano ukiwa na bati na tangi, na moja kama huna.

Bati nalo lina mambo yake. Makuti ni baridi na mazuri na nayapenda, lakini hayakingi maji safi na yanawaka. Faza iliungua 2009 nyumba kwa mamia, moto ukitoka paa hili kwenda lile. Sisi nyumba kubwa ni bati, jiko peke yake ndio makuti, na liko mbali na nyumba upande ambao upepo wa kusi hauleti cheche. Chukua bati nene, ile nyembamba ya bei rahisi hewa ya chumvi inaila mapema unaanza kunywa kutu.

Sasa ARDHI, na hapa nitasema wazi. Kabla ya hii tuliyonayo tulikuwa tumeonyeshwa nyingine na dalali, mtu mpole, ana karatasi zimepigwa mihuri, tukampa pesa ya kushikia. Tulipoenda ofisi ya ardhi kufanya search, yaani kuangalia shamba limeandikwa jina la nani, ikatoka jina la mtu mwingine kabisa, na kile alichokuwa nacho ni barua tu. Pesa hatukuiona tena. Lamu ina hati miliki za kweli, ina barua za ugawaji, ina makubaliano ya kuandikishana kwa chifu, na ina ardhi ambayo watu wanaikalia vizazi na vizazi bila karatasi yoyote, na zote nne utaonyeshwa kwa sura ile ile. Tangu mambo ya bandari mpya ya Lamu yaanze, na gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, kila mtu amekuwa dalali. Fanya search, lipa soroveya aje atafute bikoni, zile alama za mipaka, mbele ya majirani, na kumbuka shamba la kilimo bila kibali cha bodi ya ardhi mauzo yenu ni bure mbele ya sheria, na kibali chenyewe kinaombwa ndani ya miezi sita tangu mkubaliane.

Na hata karatasi zikiwa safi, uliza wazee. Uliza Wabajuni, uliza Waawera, uliza hao waliokuja na skimu ya makazi ya Lake Kenyatta miaka ya 1970, waulize wote hapa palikuwa pa nani. Kuna vipande vina hati nzuri na bado vina mtu ambaye babu yake amezikwa hapo. Mimi nisingeweza kulala katika kipande kama hicho, na siku ya shida hao ndio majirani utakaowapigia hodi.

Chakula kinatoka, hilo halina ubishi. Udongo wetu ni kichanga kichanga, si mweusi kama wa Witu, lakini muhogo, kunde, pojo, ufuta na mahindi vinakubali. Mahindi tunapanda PH4, mbegu iliyotengenezewa pwani, hizi za nyanda za juu zinaota vizuri zikifika kutoa nywele jua linazichoma. Muhogo ndio ghala langu la kweli, tunapanda Tajirika na Shibe za wale watafiti wa Mtwapa kwa sababu ule wa zamani wa nyumbani ulikuwa unaoza ndani na michirizi ya kahawia, ukiumenya unatupa nusu. Mafuriko yale ya 2023 tulichimba mashina matano sita kwa siku tukala sisi na nyumba mbili za jirani. Muhogo hauhitaji gunia wala dawa, unakaa ardhini unakungoja, adui wake labda nyani tu. Nazi na korosho ni za subira, panda siku ya kwanza halafu zisahau. 

Mahindi ya kuweka yalinifundisha adabu. Mwaka wa kwanza tulivuna magunia saba, tukaweka kwenye magunia ya kawaida, mwezi wa tatu nikifungua naona unga tu na dumuzi, wale wadudu wanaoitwa osama, tukapoteza zaidi ya nusu. Sasa tunatumia mifuko ile isiyopitisha hewa, ina plastiki mbili ndani ya gunia, unakamua hewa unafunga kila mmoja peke yake, wadudu wanamaliza hewa iliyobaki wanakufa wenyewe bila dawa. Lakini mahindi yakiingia mabichi humo unafunga sumu kuvu. Mimi napima hivi: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, natia mahindi mpaka kama robo, natia chumvi kavu vijiko kadhaa, nafunga natikisa dakika chache naacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, yarudi juani. Ikidondoka yote chini na kioo kikabaki safi, yamekaribia, nayaongeza siku moja ya jua ndio naweka, kiwango kinachotakiwa ni asilimia 13.5 kushuka chini na sina kipimo cha mashine. Kwetu gunia la kilo 90 linaenda kama wiki tano. Kwa hivo nikiwa na magunia matatu yamefungwa vizuri usiku nalala. Kitoweo ni ng'onda na papa mkavu kutoka Mokowe, pale gati la boti la huku bara, pojo na kunde, na kuku.

Kuku chanja kideri, tone kwenye jicho kila miezi mitatu, usisubiri waanze kuzubaa. Ng'ombe fikiria mara mbili. Ukikaribia msitu kuna mbung'o na ng'ombe wa kisasa unayemleta kutoka nyanda za juu atakonda mpaka afe, sisi tulimpoteza mmoja hivyo. Wale wa Waorma wanahimili zaidi, maziwa yao si mengi lakini wako hai. Nyati na tembo wanategemea uko wapi, kwetu ni nyani na ngiri, na usiku wa muhogo kukomaa mtu analala shambani.

Afya ndio sehemu inayonitia hofu mpaka leo. Hospitali kubwa ya kaunti, King Fahd, iko kisiwani, yaani kutoka huku bara ufike Mokowe halafu boti, na usiku wa kusi bahari imechafuka si kila nahodha atakubali. Mpeketoni kuna hospitali huku huku bara na mara nyingi hiyo ndio ya kukimbilia. Kwa hivo kabla hujanunua, panda boda boda saa mbili usiku kutoka kwenye hilo shamba mpaka hospitali na uhesabu dakika. Mama mjamzito mwezi wa tisa asingoje uchungu shambani, aende akakae kwa jamaa karibu na hospitali, hasa mwezi wa tano na wa kumi na moja.

Nyoka wapo. Koboko, swila, na moma ambaye hakimbii ukimkaribia na ndio maana anauma wengi. Mtoto wa jirani aliumwa na moma mguuni 2022 akifuata mpira kwenye nyasi. Watu wakataka kuchanja na wembe, wengine wanataka kufunga kamba, ami yule yule ndio aliwazuia. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mlaze, mtulize, mguu usitikisike, ufunge kwenye kijiti kama umevunjika, vua bangili na viatu kabla haujavimba, na mtoke. Mtoto alipona, kovu analo. Bio-Ken kule Watamu, kituo alichoanzisha James Ashe 1980, wao wamefundisha madaktari na vijiji vingi mambo haya, na kabla ya kuhamia mimi nilienda kuwasikiliza siku nzima, naona ndiyo siku iliyonisaidia kuliko zote. Uliza mapema hospitali ipi iliyo karibu nawe huwa na dawa ya sumu ya nyoka manake si zote. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199, iandike ukutani, simu huzima.

Usalama. Siwezi kuandika kuhusu Lamu nikaruka hili na siwezi kulipamba. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, zaidi ya watu 60 wakauawa, na baada ya hapo kumekuwa na mashambulizi mengine vijijini na barabarani, mpaka leo kuna vizuizi vya polisi na kuna nyakati mabasi yanaongozana na askari. Majirani zangu wawili walipoteza waume. Kuna vijiji karibu na msitu wa Boni ambavyo mimi nisingenunua hata nikipewa bure, na kuna sehemu za Hindi na Witu ambazo watu wanalima wanalala. Usiulize dalali, uliza walimu wa shule ya msingi na mama wa sokoni wanalala wapi na wanaondoka saa ngapi. Sisi tuna mkoba mmoja nyuma ya mlango, una vitambulisho, vyeti vya watoto, nakala ya hati, tochi, dawa za mama za presha za mwezi mzima, na pesa taslimu. Pesa taslimu nasisitiza. Ile wiki ya mafuriko netiwaki ilipotea siku mbili na pesa iliyo kwenye simu haikuweza kununua hata chumvi.

Umeme wa gridi upo barabarani, ndani ndani haupo, na ukiwepo unapotea. Tuna sola ndogo na betri, inawasha taa, inachaji simu na redio na ile pampu, basi. Redio ni muhimu kuliko mnavyodhani, siku hizo za 2023 ndio ilikuwa inatuambia maji yamefika wapi. Kuni kavu za mwezi mmoja ziwe ndani, si nje.

Kuhusu njia ya pili ya kutoka, kumbuka Lamu ina bahari. Barabara ilipokatika kuna waliotoka kwa boti, na kuna vitu vilivyokuja kwa boti, ghali lakini vilikuja. Kwa hivo shamba lililo karibu na Mokowe linapata nyota ya ziada kwangu kuliko lililo ndani zaidi hata kama la ndani lina udongo bora. Ila angalia msimu, mwezi wa sita mpaka wa nane kusi linavuma na bahari ni nzito, demani ikiingia inatulia, na kaskazi ni sawa kwa mashua zinazojua kazi. Mjue nahodha mmoja kwa jina kabla hujamhitaji.

Nikiulizwa kama ningerudia, ningerudia, lakini ningefanya kwa mpango mwingine. Ningejenga tangi kabla ya nyumba. Ningekaa mwaka mmoja kwa kupanga Hindi mjini nikilima kwa kukodisha kabla ya kununua hata eka moja, manake mwaka mmoja unakuonyesha masika na vuli na kaskazi na majirani. Na nisingehama na mtoto mchanga, wa mwisho alikuwa na miezi saba na malaria ilimkamata mara mbili mpaka tulipoelewa kwamba chandarua ni cha saa kumi na mbili jioni, si cha saa ya kulala.

Kwa mtu aliye peke yake, anayetaka kukimbia watu akae msituni na akiba yake, Lamu bara naipa nyota moja, hatamaliza mwaka. Kwa familia yenye mikono miwili mitatu ya kufanya kazi, yenye akiba ya miezi sita, na iko tayari kusalimia kila mtu njiani, naipa nne. Ile ya tano imebaki Lango la Simba.

Na kama unakuja kuangalia shamba, njoo mara mbili. Mei, uone maji yanasimama wapi na kama gari linapita. Halafu Februari, uone kisima kimebaki na nini. Dada yangu wa Malindi anataka kipande cha eka mbili karibu na chetu na mwenyewe anasema kisima chake ni kitamu mwaka mzima. Nimemwambia dada aje Februari na dumu tupu na kilo moja ya maharage. Ateke asubuhi mapema, apike kwa maji hayo hayo bila kuchanganya na mengine, manake maji ya kwenye matumbawe yanaweza kukudanganya ulimini lakini maharage hayadanganyiki, yanachemka mpaka adhuhuri na bado ni magumu. Yakiiva kwa wakati wake, ndio tuanze kuongea bei.